Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuboresha Kompyuta ya Pentium ya 1997 kwa Spea za Zama Zake

Majibu haya yanahusu mashine ya aina moja: kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Pentium inayokaa kwenye Soketi 7, juu ya mazabodi (bodi kuu) yenye chipseti ya Intel 430TX, yaani chipu zinazoiunganisha prosesa na vifaa vingine, iliyotoka mwanzoni mwa 1997. Nimeichagua kwa sababu bado inapatikana, ina matundu ya kuchomekea kadi ya aina zote mbili, ISA ya zamani na PCI iliyofuata, na inaendesha michezo ya DOS na ya Windows 95 bila ugomvi. Mwenye 486 (prosesa ya kabla ya Pentium) au Pentium II naye ataokota mawili matatu, ila namba zake zitatofautiana.

"Spea za zama zake" ni zipi, na nani kaamua?

Hakuna aliyeamua. Kipimo changu ni hiki: kifaa kiwe kiliuzwa dukani wakati mashine yenyewe bado ipo mezani kwa mtu ikifanya kazi ya kila siku. Kwa mashine ya 1997 nahesabu mpaka 1999 hivi. Pentium MMX ya megahezi 233, iliyotoka Juni 1997, imo. Kadi ya Voodoo2 ya 1998, ya michezo ya 3D, imo. Kadi ya picha ya 2003 yenye pini za PCI haimo, hata kama itaingia kwenye tundu na kuwaka, kwa sababu prosesa haitamudu kuilisha na draiva zake (programu za kuiendesha) ziliandikwa kwa mashine nyingine kabisa.

Mimi huichukulia kazi hii hivi: namalizia ile kompyuta ambayo mwenyewe wa kwanza aliiona juu kabisa kwenye orodha ya bei, akapiga hesabu, akaishia kununua ya chini yake. Ukiwa na picha hiyo kichwani, maswali mengi ya "nifunge hiki au kile" yanajijibu.

Nimeipata leo. Niichomeke tu nione kama inawaka?

Hapana! Igeuze kwanza uangalie nyuma ya pawa saplai. Kuna swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye maandishi 115 na 230. Mashine iliyoletwa ya mtumba kutoka Marekani inaweza kuwa imeachwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa volti 230, kitakachofuata ni mlipuko na harufu. Isukume kwa bisibisi bapa mpaka 230 isomeke.

Kisha fungua kava. Puliza vumbi, na tazama kapasita zote (vile vikopo vidogo vilivyosimama), za kwenye mazabodi na za ndani ya pawa saplai kupitia matundu ya feni. Iliyovimba kichwani au yenye ute wa kahawia miguuni inabadilishwa kabla ya jambo lolote.

Kama kava ni la AT (muundo wa zamani) na si ATX (ule uliofuata), kuna hatari moja ambayo vijana waliozaliwa na kompyuta za kisasa hawaijui. Swichi ya mbele ya kuwashia haitumi ishara tu kwa mazabodi. Waya nne nene zinatoka kwenye pawa saplai hadi kwenye swichi hiyo, nazo zimebeba umeme wa ukutani wenyewe. Usiziguse kamwe kompyuta ikiwa imechomekwa, hata kama imezimwa.

Kwenye mazabodi ya AT umeme unaingia kwa plagi mbili zinazokaa bega kwa bega, P8 na P9. Zinaweza kuingia kwa kubadilishana nafasi, na zikibadilishana mazabodi imekwisha. Kanuni ni moja: waya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati.

Ukitaka kupima pawa saplai kabla ya kuiamini, iondoe kwenye mazabodi, iunganishe na diski mbovu usiyoijali ili iwe na mzigo (nyingi za zamani hazikai sawa bila mzigo), kisha weka mita kati ya waya nyekundu na nyeusi. Iwe volti 5, isipungue 4.75 wala kuzidi 5.25. Waya ya njano ni volti 12.

Pawa saplai imekufa. Naweza kufunga mpya ya ATX?

Unaweza. Mazabodi nyingi za 430TX zina soketi zote mbili, ya AT na ya ATX. Soma lebo kwanza, kwani mashine hizi zinakula sana kwenye volti 5, wakati pawa saplai za leo zimeweka nguvu yao yote kwenye volti 12. Tafuta yenye angalau ampea 20 kwenye volti 5. Jambo la pili, pawa saplai za sasa hazina tena waya wa volti hasi 5. Kadi nyingi haziuhitaji, ila zipo kadi chache za sauti za ISA ambazo bila waya huo zinabaki bubu.

Ukiwa na Dell ya mwisho wa miaka ya 1990, simama kabisa. Plagi yake inafanana na ya ATX pini kwa pini, lakini mpangilio wa waya ndani ni mwingine. Ukifunga pawa saplai ya kawaida unaunguza mazabodi. Linganisha rangi za waya moja baada ya nyingine, au tumia kigeuzi kilichotengenezwa kwa ajili hiyo.

Inasahau saa na tarehe kila nikiizima.

Betri. Kwenye 430TX kwa kawaida ni CR2032, ile ya duara ya saa na rimoti za gari, na unaibadilisha kwa kucha. Mazabodi kadhaa zina kipande cheusi cha mstatili kilichoandikwa Dallas, chenye betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani. Hicho kinang'olewa chote na kufungwa kingine. Wenye 486 wakague betri ya pipa, mara nyingi ya bluu, iliyolehemiwa karibu na tundu la kibodi. Ikivuja inakula njia za shaba. Iondoeni leo, hata kama bado inafanya kazi.

RAM: niweke kiasi gani? Nina 128 na fundi ameniambia niongeze mpaka 256.

Weka megabaiti 64. Ukizidisha, kompyuta inapungua kasi.

Najua linasikika kinyume, na hakuna swali linaloleta ubishi kama hili, kwa hiyo nalieleza. 430TX inakubali hadi megabaiti 256, na hapo fundi wako yuko sahihi. Lakini kashe ya L2 iliyo kwenye mazabodi, ile kumbukumbu ndogo ya haraka inayokaa kati ya prosesa na RAM, inahudumia megabaiti 64 za kwanza pekee. Chochote kilicho juu ya hapo prosesa inakifuata moja kwa moja kwenye RAM, taratibu. Na Windows 95 na 98 zina tabia ya kuanza kujaza kumbukumbu kutoka juu kushuka chini. Matokeo yake, sehemu isiyo na kashe ndiyo inayotumika mwanzo, na ile ya haraka inabaki ikisubiri.

Chipseti ya 430HX ya mwaka uliotangulia haikuwa na tatizo hilo. Ikiwa na chipu ya ziada ya kashe, ilihudumia hadi megabaiti 512, ila haikubali SDRAM, aina mpya zaidi ya RAM. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, soma namba kwenye chipu kubwa katikati ya mazabodi: 82439TX ni hii yetu, 82439HX ni hiyo nyingine. Ukikuta 82437 ni chipseti ya 430FX au 430VX, nazo pia zinaishia 64.

Jinsi ya kuzipata hizo 64: kama una matundu marefu ya pini 168, tafuta kipande kimoja cha SDRAM. Hesabu chipu zake. Cha 64 chenye nane au kumi na sita ndicho. Chenye chipu nne ni cha miaka ya baadaye, kila chipu yake imebeba data nyingi mno kwa 430TX, nacho kitasomeka nusu au kisisomeke kabisa. Ndiyo maana hata kipande cha 128 chenye chipu nane, ambacho chipu zake nazo zimebeba mno, kinaonyesha 64.

Kama una SIMM za pini 72, vipande vifupi vya RAM ya zamani, ziende mbilimbili zinazofanana. Pentium inasoma biti 64 kwa mkupuo na kila SIMM inatoa 32, kwa hiyo moja peke yake haiwashi kitu. Na mazabodi ikiwa na matundu ya aina zote mbili, usichanganye: SIMM ni za volti 5, SDRAM ni ya volti 3.3.

Prosesa: nina Pentium 133. Nipande mpaka wapi?

Pentium MMX 233. Ndiyo ya mwisho ya Intel kwa soketi hii kwenye kompyuta za mezani, ina kashe ya ndani ya kilobaiti 32 badala ya 16 za Pentium ya kawaida, na tofauti unaiona bila kupima.

Kuifunga ni kazi ya jampa, vile vifuniko vidogo vya plastiki vinavyounganisha pini mbili. Washa taa, kwa kuwa jedwali lake limechapishwa kwa rangi nyeupe kwenye mazabodi yenyewe, pembeni ya soketi, kwa herufi za kuumiza macho. Unatafuta mambo matatu.

La kwanza ni volti. Pentium ya kawaida inatumia takribani volti 3.3 kote. MMX inataka 2.8 kwenye kiini na 3.3 kwenye pini za mawasiliano. Ukiisahau jampa hii mashine inaweza kuwaka vizuri tu, na huku prosesa inachemka. Panga volti kwanza, prosesa ndiyo iingie baadaye.

La pili ni kasi ya basi: iwe megahezi 66. La tatu ni kizidisho, yaani namba inayozidishwa na kasi ya basi kupata kasi ya prosesa, na hapa watu wanakwama. 233 ni 66 mara 3.5, lakini kwenye mazabodi nyingi hakuna palipoandikwa 3.5. Weka 1.5. Intel waliipanga MMX 233 isome alama ya 1.5 kama 3.5, ili iingie hata kwenye mazabodi zilizotoka kabla yake.

Nyanyua wenzo wa soketi, itoe ya zamani wima, weka mpya bila kusukuma (ikigoma, kona umekosea), shusha wenzo, paka dawa ya kupitisha joto kiasi cha punje ya mchele, funga feni. Hakikisha feni inazunguka kabla hujaenda kutazama skrini.

Mazabodi yangu haina volti 2.8.

Basi ni ya kabla ya MMX. Intel walitoa Pentium OverDrive yenye MMX ambayo imebeba kirekebisha volti chake mgongoni, na PowerLeap waliuza adapta za kazi hiyo hiyo. Zote ni za zama zake, na zote adimu. Bila hizo, Pentium 200 ya kawaida inatosha, na wala hupotezi usingizi.

Na AMD K6-2?

Hapa ndipo ninapobishana na marafiki. Kiufundi inawezekana: K6-2 ya megahezi 400 inasoma kizidisho cha 2 kama 6, na 66 mara 6 ni 400. Inahitaji volti 2.2, ambazo mazabodi kadhaa za 430TX zinatoa, wakati mwingine kwa jampa zisizoandikwa popote. Kwa kazi za ofisi itaruka.

Tatizo ni michezo ya DOS iliyojipima kwa kasi ya prosesa. Pentium MMX unaweza kuipunguza kwa kuzima kashe, ikarudi chini kabisa hadi kwenye kasi ya mashine za 486 na 386. K6-2 nayo inapungua, ila kwa usumbufu zaidi. Halafu Windows 95 hukataa kuwaka vizuri kwenye prosesa za AMD kuanzia megahezi 350 hadi uweke kiraka. Nikipewa zote mbili kwenye meza moja, naiacha K6-2.

Diski gani, na kwa nini mashine inaganda inapoitambua?

Inaganda kwa sababu diski ni kubwa kuliko inavyojua kuhesabu. BIOS (programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowashwa) za kampuni ya Award za wakati ule nyingi zinakwama kwenye diski inayozidi gigabaiti 32. Za zamani zaidi zinaishia 8.4, na za mapema zaidi megabaiti 504. Diski nyingi za miaka ya mwisho ya 1990 na ya 2000 zina jampa ya kujitangaza kuwa ni ndogo. Iweke, kisha ujaribu tena.

Mfumo nao una mipaka yake. Windows 95 ya kwanza inajua FAT16 tu, njia ya zamani ya kupanga mafaili kwenye diski, gigabaiti 2 kwa kila sehemu. Toleo la OSR2 la 1996 ndilo lililoleta FAT32. Ukishaliweka, nenda kwenye sifa za diski uweke alama kwenye kisanduku cha DMA, njia ya data kwenda kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa. Haiwi imewekwa yenyewe, na bila hiyo Ultra DMA/33 ya 430TX inakaa bure.

Kuhusu kununua diski ya zama zake: epuka Quantum Bigfoot, lile dubwana la inchi 5.25 linalozunguka mara 3600 kwa dakika. Lilifungwa kwenye kompyuta za bei ya chini kwa sababu ni rahisi, na linatambaa. Fireball ya kampuni hiyo hiyo ni chombo kingine kabisa.

Wengine hufunga kadi ya CompactFlash kwa kigeuzi cha IDE, njia ile ile inayounganishia diski za wakati huo. Inafanya kazi vizuri, kwa kuwa kadi hizo zinaongea IDE tangu kuzaliwa, na ziliingia sokoni mwaka 1994, kwa hiyo hata sheria yangu zinaipita kwa ujanja. Diski ya kuzunguka ya miaka hiyo haikuahidi kuishi mpaka leo. Ninachoshauri: weka kazi yako kwenye CompactFlash, na ile ya kuzunguka ibaki kwa ajili ya mlio wake.

Kadi ya picha?

Mbili, si moja. Ya kwanza ni ya kawaida ya PCI, na S3 Trio64V+ inatosha kwa sababu inaelewana na karibu kila mchezo wa DOS. S3 ViRGE nayo ni sawa kwa kazi za kawaida, ila usiitegemee kwa 3D. Wenyewe wa zama hizo waliitania kuwa ni kadi ya kupunguza mwendo.

Ya pili ni Voodoo ya 3dfx. Voodoo Graphics ya 1996 ina megabaiti 4, inafanya 3D peke yake na haijui kitu kingine. Kebo fupi inatoka kwenye kadi ya kawaida na kuingia kwenye Voodoo, na skrini inachomekwa kwenye Voodoo. Muda wote picha inapita tu katikati yake. Mchezo ulioandikwa kwa Glide, lugha ya 3dfx ya kuongea na kadi zake, unapoanza, Voodoo inakata njia na kuishika skrini. Kwenye Orchid Righteous 3D ukataji huo unafanywa na rilei halisi, swichi inayosogezwa na umeme: unasikia "tak" ndani ya kava, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu picha laini ya 640 kwa 480 inatokea ambapo zamani palikuwa na miraba.

Voodoo2 ina nguvu zaidi, inafika 800 kwa 600, lakini Pentium 233 haiwezi kuilisha yote. Kama bei zinalingana chukua Voodoo2. Kama hazilingani, ya kwanza inaikaa mashine hii vizuri. Mwishoni mwa 2000 3dfx ilikubali kuuza mali zake kwa Nvidia, kwa hiyo draiva rasmi ziliishia hapo, na zilizopo zinatosha.

Sauti: ISA au PCI?

ISA. Michezo ya DOS inaongea na kadi moja kwa moja kwenye anwani inayoijua, na kadi za PCI zinaigiza tu. Sound Blaster 16 yenye chipu halisi ya muziki ya Yamaha OPL3 ndiyo ninayoipenda. AWE64 ya mwishoni mwa 1996 ni safi zaidi, haina kelele za chinichini, ila haina OPL3 halisi, na mwenye sikio atatambua.

Ingia kwenye BIOS uitenge IRQ 5 (namba ambayo kadi huitumia kuiita prosesa) kwa ajili ya ISA, la sivyo kadi ya PCI itaichukua. Kisha kwenye AUTOEXEC.BAT, faili la amri ambazo DOS huzitekeleza inapowaka, andika:

SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 T6

Ni anwani, IRQ, DMA ya biti 8, DMA ya biti 16, na aina ya kadi. Mchezo ukikataa kutoa sauti, mara nyingi ni kwa sababu mstari huu haulingani na ulichochagua kwenye programu ya kuupanga.

Spea zenyewe nazipata wapi?

Kariakoo kwa Dar, Luthuli Avenue kwa Nairobi, lakini usiende kwenye maduka ya mbele yenye vioo. Nenda kwa mafundi wa juu ghorofani wenye magunia ya kadi chini ya meza. Waulize kadi kwa umbo lake, si kwa jina: "ndefu nyeusi yenye matundu ya spika matano" inaeleweka haraka kuliko namba ya modeli. Vyanzo vingine vizuri ni stoo za shule na ofisi zilizobadilisha kompyuta.

Mshindani wako mkubwa ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Prosesa za kauri zina dhahabu, hasa Pentium Pro, na zinauzwa kwa uzito. Ukichelewa zimeshakwenda kuyeyushwa.

Mashine za kabla ya miaka ya 1990 usitarajie nyingi kwa upande wa Tanzania. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na zuio lilichukua miaka mingi kulegea. Za aina hiyo huwa zimeletwa baadaye.

Naishi pwani. Kuna cha ziada?

Chumvi ya hewani. Safisha pini za kila kadi kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, si kwa mafuta ya taa, na hifadhi kadi za akiba kwenye mifuko iliyofungwa yenye vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya boksi za viatu. Na umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi ndipo unapoua vitu.

Itaingia kwenye intaneti?

Kadi ya mtandao ya PCI yenye chipu ya Realtek 8029 au 8139 itaunganika. Tovuti za leo hazitafunguka, kwa kuwa usimbaji wake ni mpya mno kwa kivinjari cha wakati ule. Itumie kuhamisha mafaili kwa FTP kutoka kompyuta yako nyingine, uachane na flopi.

Nimefunga vyote, nawasha, skrini nyeusi na inalia tu.

Sikiliza mlio. Kwa BIOS ya Award, mrefu mmoja ukifuatwa na mifupi miwili ni kadi ya picha. Mirefu inayojirudia bila kukoma ni RAM. Zima, chomoa waya wa ukutani, toa kadi inayohusika, pangusa pini, irudishe ukiibana kwa vidole gumba vyote viwili mpaka ikae sawa pande zote, na ufunge skrubu yake. Ikilia tena, toa kadi nyingine zote uache ya picha na RAM peke yake, kisha rudisha moja moja.